Mwandishi wa Habari na Jeshi Wakati wa Vita: Mafunzo ya Vita vya Kagera kwa Mwananchi wa Leo

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Vita inapozuka, wananchi huuliza mambo matatu: nini kimetokea, ndugu zetu wako salama, na tufanye nini. Jeshi linayo majibu mengi, lakini si yote yanayoweza kutangazwa bila kumsaidia adui. Mwandishi wa habari anao wajibu wa kuyatafuta majibu hayo na kuyafikisha kwa umma kwa wakati. Kati ya wajibu huo wa mwandishi na tahadhari hiyo ya jeshi ndipo unapojengeka, au unapobomoka, uhusiano kati ya vyombo vya habari na majeshi ya ulinzi.

Jambo hili haliko mbali na wakazi wa Nyasubi, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Kahama mkoani Shinyanga. Kahama iko kwenye njia kuu ya malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kuelekea mpaka wa Rusumo kwa Rwanda na Kabanga kwa Burundi, na mizigo mingine husonga hadi mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pamoja na mizigo hiyo husafiri habari. Dereva aliyepita karibu na eneo la mapigano huwa na la kusimulia anapopumzika. Simu ya mkononi huwa na picha na sauti zisizojulikana zilikotoka. Mji wa Goma ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, habari zake ziliwafikia watu wengi kwa njia ya simu kabla ya taarifa yoyote rasmi. Makala haya yanaeleza historia ya uhusiano huo, sheria zinazouongoza, na namna mwananchi anavyoweza kupima taarifa za vita.

Chimbuko la mwandishi wa vita

Majeshi yamekuwa na watu wa kusimulia ushindi wao tangu kale. Mwandishi wa habari anayelipwa na gazeti ili aende medani na kuandika anachokiona alianza kujulikana katika karne ya 19. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa William Howard Russell wa gazeti la The Times la London, aliyeripoti Vita vya Crimea kuanzia 1854. Habari zake kuhusu askari waliokuwa wakifa kwa maradhi na huduma duni ziliwaudhi makamanda, lakini ziliwafanya wananchi wa Uingereza kudai mabadiliko. Tangu hapo pande zote mbili zilitambua kwamba habari ya vita inaweza kuokoa maisha ya askari, na inaweza pia kuyahatarisha.

Karne ya 20 ilileta mifumo mbalimbali ya kuupanga uhusiano huo. Katika vita kuu mbili za dunia, mataifa mengi yalitumia udhibiti wa habari: habari ilisomwa na afisa kabla ya kuchapishwa. Katika vita vya Vietnam, waandishi wa Marekani walisafiri kwa uhuru mkubwa, na baadaye baadhi ya maafisa wa jeshi walivilaumu vyombo vya habari kwa kupungua kwa uungaji mkono wa vita hiyo. Katika vita vya Ghuba mwaka 1991, waandishi waliwekwa katika makundi machache yaliyosindikizwa na maafisa. Mwaka 2003, Marekani na washirika wake walipoivamia Irak, mamia ya waandishi waliambatana na vikosi, wakala na kulala pamoja na askari. Utaratibu huo uliwapa nafasi ya kuona mapigano kwa karibu, ingawa wakosoaji walisema mwandishi anayelindwa na kikosi huona vita kwa macho ya kikosi hicho.

Urithi wa enzi za ukoloni

Katika nchi yetu, gazeti na jeshi vilikutana mapema. Wakati wa utawala wa Wajerumani, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapishwa Tanga kuanzia 1904, na lilikoma mwaka 1916 wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tabora ilitwaliwa na majeshi ya Ubelgiji. Wananchi wa maeneo ya Unyamwezi na Usukuma, ambao wengi wao walichukuliwa kuwa wapagazi au askari, hawakuwa na chombo cha habari walichoweza kukiita chao. Walichojua kuhusu vita walikiona kwa macho au walikisikia njiani.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliandikisha askari wengi wa Afrika Mashariki katika kikosi cha King's African Rifles, ambao walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Serikali ya kikoloni iliwachapishia askari magazeti ya Kiswahili na kutumia ofisi za habari kueleza maendeleo ya vita. Habari zilitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na swali halikuwa na njia ya kurudi juu. Nchi huru zilirithi ofisi hizo pamoja na fikra kwamba habari ni chombo cha utawala. Kuigeuza fikra hiyo ili habari iwe haki ya mwananchi kumechukua muda mrefu.

Vyombo vya habari mwaka 1978

Vita kubwa zaidi ambayo Tanzania huru imepigana ni ile ya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya utawala wa Idi Amin wa Uganda. Wakati huo vyombo vya habari vilikuwa vichache na karibu vyote vilikuwa chini ya Serikali au Chama. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyosikika karibu nchi nzima. Gazeti la Daily News lilikuwa la Serikali. Uhuru na Mzalendo yalikuwa ya Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa 5 Februari 1977. Shirika la Habari Tanzania, lililojulikana kwa kifupi kama Shihata, lilikuwa limeanzishwa 1976. Televisheni ilikuwapo Zanzibar pekee. Sheria iliyoyaongoza magazeti ilikuwa Sheria ya Magazeti ya 1976, na Katiba ya 1977 ilikuwa bado haijaingizwa sura ya haki za binadamu, ambayo iliongezwa kwa marekebisho ya 1984.

Katika mazingira hayo, mpaka kati ya mwandishi na Serikali ulikuwa mwembamba. Waziri wa Mambo ya Nje wakati wa vita, Benjamin Mkapa, alikuwa mwandishi wa habari aliyewahi kuyahariri magazeti ya The Nationalist, Uhuru na Daily News, na alikuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shihata. Wahariri waliona kwamba taifa limeshambuliwa, nao ni sehemu ya taifa hilo. Swali la kama wangeweza kuandika kinyume na msimamo wa Serikali halikuwa na uzito walioupa lile la namna ya kuwaeleza wananchi kilichokuwa kikitokea mpakani.

Redio dhidi ya redio

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia katika eneo la Mkoa wa Kagera lililo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka liliharibiwa. Kabla ya hapo Radio Uganda ilikuwa imedai kwamba Tanzania ndiyo iliyoivamia Uganda. Hivyo vita ya maneno ilitangulia vita ya mizinga, na msikilizaji aliyefungulia redio mbili alisikia dunia mbili tofauti.

Tarehe 2 Novemba 1978, Rais na Amiri Jeshi Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere, alilihutubia Taifa. Maneno yake yanakumbukwa hadi leo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kwa mtazamo wa mawasiliano, hotuba hiyo ilifanya mambo matatu. Ilikiri wazi kwamba sehemu ya nchi imetwaliwa, jambo ambalo serikali nyingi hulificha. Ilieleza sababu ya kupigana. Na haikutaja lini, wapi wala kwa vikosi gani jeshi lingejibu. Wananchi walijua ukweli wa hali, na adui hakuambiwa mpango.

Kutoka hapo Radio Tanzania iligeuka kuwa kiungo kati ya medani na nyuma ya medani. Wananchi walichangia fedha, ng'ombe na vyakula. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalitumika kusafirisha askari na vifaa. Mgambo waliitwa kutoka mikoa mbalimbali. Mkoa wa Shinyanga na maeneo jirani ya Kanda ya Ziwa yalikuwa kwenye njia ya vita hiyo, kwa kuwa reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza inapita Isaka na Shinyanga, na Mwanza ilikuwa lango la kwenda Bukoba. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, nchi iliyomsaidia Amin, ilijaribu kulipua ghala la mafuta Mwanza; mabomu yake yaliangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, habari za vita zilihusu anga lililokuwa juu ya vichwa vyao.

Upande wa pili, Amin aliitumia redio kwa majigambo. Aliwahi hata kupendekeza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi kwa kupigana ndondi, na bondia Muhammad Ali awe mwamuzi. Maneno ya namna hiyo yaliwafurahisha baadhi ya wasikilizaji, lakini hayakuzuia kusonga mbele kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Masaka ilitwaliwa mwishoni mwa Februari 1979, mapigano makali yalifanyika Lukaya mwezi Machi, na Kampala ikaangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili. Siku hiyo Luteni Kanali David Oyite Ojok wa Uganda alitangaza katika Radio Uganda kuanguka kwa utawala wa Amin. Kituo kilichokuwa kimetangaza kutwaliwa kwa ardhi ya Tanzania ndicho kilichotangaza mwisho wa aliyeitwaa.

Waandishi waliokwenda na waliouawa

Waandishi wachache walipata nafasi ya kuiona vita hiyo kwa macho. Miongoni mwao ni Tony Avirgan na Martha Honey, Wamarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam, ambao waliifuata JWTZ ndani ya Uganda na kuchapisha kitabu kuhusu vita hiyo mwaka 1982. Kwa Kiswahili, Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin, kilichotoka 1980. Bila kazi za namna hii, sehemu kubwa ya yaliyotokea ingebaki katika kumbukumbu za askari na majalada ya jeshi pekee. Mtafiti wa leo anayetaka kujua mwenendo wa mapigano, uhusiano wa askari na raia wa Uganda, au makosa yaliyofanyika, huanzia kwa waandishi waliokuwapo.

Upande uliotawaliwa na Amin ulikuwa na hatari ya aina nyingine. Mwezi Aprili 1979, waandishi wanne wa Ulaya, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria kutoka Kenya wakitaka kuripoti siku za mwisho za utawala huo. Walikamatwa na askari wa Amin na kuuawa. Hawakuwa na silaha, na hawakuambatana na jeshi lolote. Vifo vyao vinaonyesha tofauti kati ya mwandishi anayeingia medani kwa utaratibu unaotambuliwa na yule anayeingia eneo ambalo amri imevunjika na kila mgeni anahesabiwa kuwa jasusi.

Kilichonyamaziwa na gharama yake

Vita vya Kagera vinatoa pia somo kuhusu yale yaliyonyamaziwa. Tanzania ilipovuka mpaka, ilikabiliwa na kanuni ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Serikali ilieleza kwamba palikuwa na vita mbili: ya Tanzania kumwadhibu mvamizi, na ya Waganda wenyewe kujikomboa. Maelezo hayo yaliwekwa katika kijitabu kilichotolewa na Serikali mwaka 1979, wakati viongozi wa Afrika wakikutana Monrovia mwezi Julai. Kwa sababu hiyo, habari zilizotangazwa wakati wa vita ziliutaja sana mchango wa wapiganaji wa Uganda, waliounda umoja wao katika mkutano wa Moshi mwezi Machi 1979, kuliko ule wa JWTZ.

Sababu za kidiplomasia zilieleweka. Hata hivyo, palikuwa na gharama. Familia zilizopeleka vijana vitani zilisikia redioni habari ya ushindi ambayo haikuwataja vijana wao. Takriban raia 1,500 wa Kagera waliuawa wakati wa uvamizi, na mamia ya askari wa Tanzania walipoteza maisha. Inakadiriwa kwamba vita iligharimu dola za Marekani milioni 500. Taifa lililobeba mzigo wa kiasi hicho lilistahili maelezo kamili, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ilikuja baada ya bunduki kunyamaza. Leo makaburi na mnara wa mashujaa huko Kaboya, wilayani Muleba, yanasema kwa majina yale ambayo matangazo ya wakati wa vita hayakuweza kusema.

Tofauti iliyopo hapa ni muhimu kwa kila afisa wa habari. Kuchelewesha habari ili kulinda maisha ni jambo moja, na kutangaza lisilo kweli ni jambo jingine. La kwanza linaweza kuelezwa baadaye na wananchi wakaelewa. La pili likigundulika, taarifa zote zinazofuata hupoteza uzito, hata zilizo sahihi.

Hifadhi ya mwandishi katika sheria za kimataifa

Mikataba ya Geneva ya 1949 inamtambua mwandishi wa vita aliyeidhinishwa na kuambatana na majeshi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Tatu, Ibara ya 4, mwandishi huyo akikamatwa na adui anastahili kutendewa kama mateka wa vita. Kitambulisho anachopewa na jeshi alilofuatana nalo ndicho kinachothibitisha hadhi hiyo.

Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya 8 Juni 1977 ilipanua hifadhi hiyo. Ibara ya 79 inasema kwamba mwandishi anayefanya kazi ya hatari katika eneo la mapigano ni raia, na anastahili kulindwa kama raia maadamu hafanyi kitendo kinachoathiri hadhi hiyo. Akishika silaha au kubeba ujumbe wa kijeshi, hifadhi hiyo inaweza kumtoka kwa muda anaoshiriki mapigano. Itifaki hiyo ilianza kutumika 7 Desemba 1978, vita vya Kagera vikiwa vinaendelea, lakini wakati huo si Tanzania wala Uganda iliyokuwa imejiunga nayo. Tanzania ilijiunga mwaka 1983. Baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1738 la 2006 na namba 2222 la 2015, yote yakisisitiza ulinzi wa waandishi katika maeneo ya migogoro na kutoachwa bila adhabu kwa wanaowashambulia.

Katiba na sheria za nchi

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kutafuta na kupokea habari, pamoja na haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo ziwekewe mipaka na sheria kwa ajili ya ulinzi na usalama wa jamii. Ibara ya 44 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita. Tamko hilo hupelekwa kwa Spika wa Bunge, ambaye ndani ya siku 14 huitisha mkutano wa Bunge ili lizingatie na kuamua kama litapitisha azimio la kuliunga mkono. Kwa hiyo hata vita yenyewe hupita mbele ya wawakilishi wa wananchi, na mjadala wa wawakilishi hauwezi kuwa na maana ikiwa wanaowakilishwa hawana habari.

Chini ya Katiba zipo sheria kadhaa zinazomhusu mwandishi na mwananchi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inakataza kutoa au kupokea siri za Serikali kinyume cha utaratibu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa katika ofisi za umma, na kifungu chake cha 6 kinataja taarifa zinazoweza kuzuiwa, zikiwemo zinazohusu mikakati na uwezo wa kijeshi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta, na simu ya mkononi imo ndani ya maana hiyo.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ndiyo iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitoa hukumu kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho mwaka 2023. Mjadala huo una maana kwa mada hii, kwa sababu neno usalama wa taifa lisipowekewa mipaka iliyo wazi huweza kufunika mambo ambayo hayamsaidii adui yeyote, na mwandishi asiyejua mpaka uko wapi huacha kuandika hata kile alichoruhusiwa.

Redio inapokuwa silaha

Historia ya jirani zetu inaonyesha upande mwingine wa hatari. Mwaka 1994 nchini Rwanda, kituo cha redio cha RTLM kilichochea mauaji ya kimbari, kikitangaza chuki na kutaja watu wa kutafutwa. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliohusika na RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, kwa hukumu ya 3 Desemba 2003. Rufaa iliyoamuliwa Novemba 2007 ilipunguza adhabu zao lakini haikuwaondolea hatia.

Kesi hiyo, iliyosikilizwa katika ardhi ya Tanzania, iliweka msingi kwamba mwandishi au mmiliki wa chombo cha habari anayechochea mauaji hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa habari. Kwa upande mwingine haikusema kwamba kuuliza maswali magumu kuhusu jeshi ni uchochezi. Mipaka hiyo miwili ni vema ikakumbukwa kwa pamoja.

Enzi ya simu za mkononi

Leo askari, raia na adui wote wana kamera mfukoni. Kenya ilipoingia Somalia mwezi Oktoba 2011 katika Operesheni Linda Nchi, jeshi lake lilitumia mitandao ya kijamii kutoa taarifa moja kwa moja kwa umma. Utaratibu huo uliwapa wananchi habari kwa haraka, lakini mwezi Januari 2012 picha za mauaji zilizowekwa kwenye akaunti ya msemaji wa jeshi kama za siku hizo ziligundulika kuwa za miaka ya nyuma. Kasi bila uhakiki ilimkosesha imani hata aliyekuwa na nia njema.

Tanzania nayo ilipata mtihani wake kupitia ulinzi wa amani. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Machi 2013 liliunda kikosi maalumu cha kuingilia kati mashariki ya Kongo, kilichoundwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa. Taarifa za mwanzo zilitaja askari 14 wa Tanzania waliouawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja baadaye walinda amani 15. Tofauti hiyo ya idadi haikuwa uongo wa mtu. Majeruhi hufa hospitalini, waliopotea hutafutwa, na hesabu ya vita hukamilika taratibu. Familia zilizokuwa na kijana Kongo wakati huo zilihitaji simu kutoka kikosini kabla ya kuona jina au sura yake kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo ni sababu moja ambayo kila jeshi husubiri kutangaza majina, na ni sababu ambayo mwandishi mwenye utu huiheshimu bila kulazimishwa.

Namna ya kuisoma taarifa ya vita

Mwananchi anayefuatilia matangazo rasmi anaweza kutumia vigezo vifuatavyo.

Kwanza, aangalie nani anasema. Taarifa kuhusu JWTZ hutolewa na Amiri Jeshi Mkuu, wizara yenye dhamana ya ulinzi, au Makao Makuu ya Jeshi kupitia Kurugenzi yake ya Habari na Uhusiano. Ujumbe usio na jina, cheo wala tarehe haufai kuitwa tamko, hata kama una nembo.

Pili, atenganishe lililoonwa na lililosikiwa. Mwandishi mzuri husema alikuwa wapi, aliona nini, na nani alimweleza lile ambalo hakuliona. Akiwa ameambatana na kikosi, huwaeleza wasomaji hivyo.

Tatu, azitazame idadi za saa za mwanzo kuwa za muda. Taarifa inayokiri kwamba hesabu haijakamilika inaaminika zaidi kuliko inayotoa hesabu kamili saa moja baada ya shambulio.

Nne, asipige wala asisambaze picha za misafara ya kijeshi, kambi, vifaa au askari waliojeruhiwa. Picha ya gari moja ikiwa na jina la mahali na saa inaweza kumweleza adui mambo mengi kuliko gazeti zima.

Tano, aulize. Mbunge, diwani, mwandishi wa redio ya jamii na ofisi ya umma ni njia halali za kupeleka maswali kuhusu gharama ya operesheni, hali ya askari, fidia kwa familia na hatima ya wakimbizi. Usiri wa kijeshi unahusu mipango na uwezo wa mapigano, na maswali hayo hayaugusi.

Hitimisho

Uhusiano kati ya mwandishi na jeshi hauwezi kuwa wa kukubaliana daima, kwa kuwa kazi zao zinatofautiana. Unachohitaji ni kanuni zinazojulikana kabla ya risasi ya kwanza: mafunzo ya pamoja kati ya vyumba vya habari na majeshi, vitambulisho vinavyotambuliwa, wasemaji wenye mamlaka ya kujibu, na muda unaoeleweka wa kutoa habari iliyozuiwa. Tanzania iliingia katika vita vya 1978 ikiwa na redio moja ya taifa na kiongozi aliyekiri mbele ya wananchi kwamba ardhi yao imetwaliwa. Vyombo vya habari sasa ni vingi, na mwananchi wa Nyasubi anaweza kupokea habari ya Goma kabla ya mhariri wa Dar es Salaam. Katika hali hiyo, taarifa ya kweli inayotolewa mapema ni sehemu ya ulinzi wa nchi, na wajibu wa kuitoa, kuihakiki na kuisambaza kwa uangalifu umegawanyika kati ya jeshi, mwandishi na mwananchi mwenyewe.